Droni ya kuazima na upepo wa kusi

Leo nina neno kuhusu lile zogo la Jumamosi, maana naona bado naitwa mwoga kila nikipita kantini.

Kwa ambao hawakuwepo: tulipanga kwenda Mapango ya Amboni, kilometa kama 8 tu kutoka mjini. Mwenzetu mmoja akatokea geto kwangu hapa Nguvumali na droni ya kuazima, eti atatupiga video ya kuagana kutoka juu. Nikauliza mawili tu: kibali kiko wapi, na upepo umeuangalia? Akacheka. "Mwalimu bwana, mbona haka kamdoli tu!"

Jamani, si mdoli. Kanuni za mwaka 2018 zinataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Wizara ya Ulinzi nayo ina sauti yake. Na sisi hapa uwanja wa ndege wa Tanga hauko mbali. Desemba 2018 kule Gatwick, Uingereza, watu waliripoti tu kuona droni, safari kama 1,000 zikavurugika.

Haya, tuseme kibali unacho. Karatasi haizuii upepo! Kusi hiki asubuhi kinaweza kukudanganya, kumetulia kabisa, ikifika saa nane mchana minazi yenyewe inakwambia. Amboni kuna bonde la Mto Mkulumuzi, mawe ya chokaa huku na huku, na miti juu yake. Upepo ukibanwa humo unageukageuka. Halafu kuta zikiziba mawasiliano ya setilaiti, droni haijui tena iko wapi. Ikianguka, inamwangukia nani? Siku ile kulikuwa na watoto wa shule ya msingi wametembezwa na walimu wao.

Msinielewe vibaya, sipingi droni. Mwaka 2016 wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walishiriki kurusha droni kupiga picha za Unguja na Pemba ili kutengeneza ramani. Vijana kama sisi! Ila wao walifundishwa kwanza, na kazi ilikuwa na baraka za serikali.

Sisi tunasomea ualimu. Kesho utamwambia mtoto afuate kanuni za maabara kwa mdomo upi? Kusema "leo hapana" nalo ni somo, tena gumu kuliko kurusha.

Video hatuna, sawa. Picha za simu zipo, na wote tumetoka na vichwa vizima. Anayebisha aje geto tubishane, chai ipo.