GARI NI LA TAJIRI, NOZELI NI ZA DEREVA?

Ndugu madereva na mataniboi wa Karungu,

Liko neno moja ambalo matajiri wa magari ya samaki wamelizoea vinywani mwao: "Umeharibu gari, utalipa." Neno hili husemwa Sori, husemwa Muhuru, husemwa Mbita, na kila likisemwa mshahara wa mtu hupungua mwisho wa mwezi. Sisi twasema neno hili ni uongo, tena uongo unaojulikana na yule anayeusema.

Hebu tulitazame gari lenyewe. Ni HiAce ya boksi. Sheria ya Kenya haikubali gari kuukuu liingie nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Basi lilipotoka Japani lilikuwa limekwisha fanya kazi ya miaka saba au minane kwa mtu mwingine. Likauzwa Mombasa au Nairobi, likabeba mikate, likabeba soda, likabeba abiria. Lilipochoka mjini ndipo likaletwa ziwani kubeba mbuta na barafu. Mita inasoma kilomita chache, lakini usukani umelainika kwa viganja vya watu na pedali ya breki imelika mpira hadi chuma. Ni nani asiyejua kwamba mita hurudishwa nyuma? Tajiri alilinunua kwa bei ya chini kwa sababu hiyo hiyo. Faida ya bei ndogo akaitia mfukoni, ubovu akamwachia dereva.

Tuanze na nozeli, maana hapo ndipo mishahara mingi inapozama. Injini hizi mpya za dizeli hupuliza mafuta kwa nguvu kubwa mno, na tundu la nozeli ni dogo mno. Maji kidogo au vumbi kidogo katika dizeli huzimaliza. Je, dizeli ya mitungi inayouzwa ufuoni nani anayeagiza inunuliwe? Ni tajiri, kwa kuwa ni rahisi. Nani anayesema filta ingoje mwezi ujao? Ni yeye. Filta ni shilingi mia kadhaa au elfu moja na kitu. Nozeli moja mpya ni makumi ya maelfu, na injini inazo nne. Halafu anakuja na risiti ya fundi, anampa dereva!

Katika injini ya lita 3 liko jambo baya zaidi, nalo mafundi wote walijua. Chini ya kila nozeli mna pete ndogo ya shaba. Pete ikichoka, moshi wa mlipuko huvuja ukaingia katika oili. Oili inakuwa nzito kama lami, inaziba chujio lililo ndani ya sampu, na injini inakosa oili huku stiki ikionyesha kwamba imejaa. Taa nyekundu ikiwaka, vyuma vimekwisha kusagana. Dereva angefanya nini? Pete zile bei yake ni ndogo, zinabadilishwa kwa wakati wake, na kuzibadilisha ni kazi ya mwenye gari.

Mkanda wa taimingi ni vivyo hivyo. Hubadilishwa baada ya kilomita 100,000 au 150,000, kwa kadiri ya kitabu cha gari. Lakini gari ambalo mita yake imedanganywa, kilomita hizo zitahesabiwa vipi? Mkanda ukikatika, valvu hugonga pistoni, na injini hufunguliwa yote. Twawauliza matajiri: ni dereva gani aliyeukata mkanda kwa mguu wake?

Sasa chini ya gari. Ardhi yetu ya Nyatike ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha ni utelezi, jua likiwaka ni mashimo magumu kama mawe. Gari hili liliundwa kubeba kama tani moja hivi. Nani asiyejua makreti yanavyopangwa hadi dari? Boljointi hulegea, shokapu humwaga mafuta, springi za nyuma hukatika jani baada ya jani, na tairi huliwa upande wa ndani. Dereva akisema mzigo umezidi huambiwa kuna wenzake kumi wanaotaka usukani. Akikubali, springi zikavunjika, huambiwa amepakia vibaya. Akataavyo amekosa, akubalivyo amekosa.

Tena wale wa mijini hawayajui maji ya samaki. Barafu inayeyuka, maji yanachanganyika na damu na utelezi wa mbuta, yanapita katika sakafu usiku kucha. Bati linaoza, waya wa handibreki unaganda, mabomba ya breki yanapata kutu. Ndoo mbili za maji safi kila jioni na sakafu iliyozibwa vizuri zingepunguza nusu ya balaa hii. Wengine hawataki kulipa hata mwoshaji. Lakini breki zikikataa kwenye mteremko, anayekamatwa kwanza na polisi ni nani? Na anayelala mochari ni nani?

Basi sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na mfanya kazi kwa kosa la kukusudia. Kukusudia! Si kwa uzee wa chuma, si kwa barabara, si kwa dizeli mbaya. Na makato yote ya wakati mmoja, hata yaliyo halali, hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yasema mfanya kazi aliyeondoka penye hatari kubwa, akiwa na sababu ya haki, hawezi kufukuzwa kwa ajili hiyo. Gari lisilo na breki ni mahali penye hatari kubwa. Hapana haja ya wakili kutuambia.

Hatusemi madereva wote ni malaika. Yuko anayeona sindano ya joto imepanda naye aendelea ili awahi mnada, mpaka hedi inapinda. Huyo aulizwe. Lakini aulizwe mbele ya fundi na mbele ya mwakilishi wa Chama, si kwa kalamu ya tajiri peke yake katika daftari la mishahara.

Na liko jambo moja linalotuudhi kuliko yote. Amri ya mishahara ya serikali inamtaja dereva wa magari madogo ya mizigo kwa cheo chake. Lakini viwango vimegawanywa kwa mahali: Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru viko juu, na sisi wa Karungu tumo katika "sehemu nyingine zote", yaani chini kabisa. Je, nozeli nayo inauzwa kwa bei ya sehemu nyingine zote? Inatoka Kirinyaga Road, Nairobi, kwa bei ya Nairobi, pamoja na nauli ya basi. Mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote anunue kipuri chenye bei kubwa kuliko wote, kwa gari ambalo si lake!

Kwa hiyo Chama chawaomba mambo haya tangu wiki hii. Kila dereva awe na daftari. Kila asubuhi aandike tarehe, mita, oili, maji, breki, tairi, na ubovu wowote alioona. Kisha ampelekee tajiri habari hiyo kwa simu, kwa maandishi, asiitegemee midomo. Uzito wa mzigo uandikwe pamoja na jina la aliyeagiza upakiwe. Mkikatwa mshahara, daini karatasi yenye sababu na risiti ya fundi. Asiyepewa alete jina lake kwa mwakilishi, twende pamoja kwa ofisa wa kazi. Na vipuri vilivyotolewa, yaani nozeli, pete, mikanda, msikubali vitupwe gereji. Vileteni ofisini, viwekwe mezani siku ya mazungumzo.