Jina la Merikebu Haliikomboi Lugha

Waswahili husema kuwa jina jema hung'ara gizani. Swali ninalotaka kuwauliza walimu na wanafunzi leo ni hili: likishang'ara, mwangaza wake humfaa nani?

Mwaka 2023 tajiri wa Marekani, Jeff Bezos, alikabidhiwa merikebu ya anasa iliyoundwa Uholanzi, yenye milingoti mitatu na urefu wa mita 127 hivi. Magazeti yalikadiria kuwa iligharimu dola milioni 500. Wengi waliukodolea macho ukwasi huo. Mimi, kwa mazoea ya taaluma yangu, nililitazama jina: Koru. Ni neno la Kimaori, lugha ya wenyeji asilia wa New Zealand, na maana yake ni chipukizi la kangaga lililojikunja, ishara ya uhai mpya.

Je, neno hilo limeibwa? La hasha! Neno si embe. Likichumwa na mpita njia, mti haupungukiwi. Waingereza walitwaa 'safari' kutoka kwetu, nasi tungali tunasafiri. Ninachokikataa ni dhana kwamba lugha hutukuka kwa kuandikwa ubavuni mwa chombo cha mkwasi.

Kimaori hakikuokolewa na merikebu. Kuna wakati watoto walichapwa shuleni kwa kukisema. Mwaka 1972 watu zaidi ya 30,000 walitia saini ombi kwa bunge lao ili kifundishwe shuleni. Mwaka 1982 wakaanzisha shule za chekechea walizoziita viota vya lugha, ambamo wazee walizungumza na wajukuu kwa Kimaori kitupu. Mwaka 1987 sheria ikakifanya lugha rasmi.

Nasi je? Mwaka 2018 zilipovuma habari kwamba kampuni ya Disney ilikuwa imesajili 'Hakuna Matata' kuwa alama yake ya biashara huko Marekani, tulihamaki. Nilizisoma lawama zetu; nyingi mno ziliandikwa kwa Kiingereza! Katiba yetu ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, lakini hadhi ya karatasini haizungumzi.

Wala sijitakasi. Vikao vya idara yangu huendeshwa kwa Kiingereza, hata tunapojadili ufundishaji wa Kiswahili, nami hufuata mkondo. Utotoni nilivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni. Leo hakuna anayenivisha, najivisha mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu, tumwachie tajiri jina la chombo chake. Sisi tukitumie Kiswahili ofisini na uwanjani, si katika kipindi chake tu. Nawe mwanafunzi, usikione kuwa somo la kupitia mtihani. Mimi nitaanza na kikao kijacho.