Uteuzi mbaya wa vifaa vya kuvuta meli ni hatari kwa Pwani

MASHAMBULIZI dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yalizua maswali mengi kuhusu gharama za usafirishaji, bima na usalama wa mabaharia. Swali moja halikupewa uzito uliostahili. Meli kubwa inapopoteza nguvu zake baharini, ni nani atakayeivuta, na ataivuta kwa vifaa gani?

Kisa cha meli ya mafuta Sounion kinaonyesha uzito wa swali hilo. Mnamo Agosti 2024 meli hiyo, iliyosajiliwa Ugiriki, ilishambuliwa na wapiganaji wa Houthi wa Yemen ikiwa imebeba takriban mapipa milioni moja ya mafuta ghafi. Mabaharia wake waliokolewa, nayo ikaachwa ikiteketea.

Jaribio la kwanza la kuivuta lilisitishwa mapema Septemba baada ya kubainika kwamba mazingira hayakuwa salama. Ilichukua hadi katikati ya mwezi huo kabla ya tagi kufaulu kuifunga na kuipeleka kaskazini, chini ya ulinzi wa manowari za Muungano wa Ulaya. Umwagikaji wa mafuta ambao ungeangamiza uvuvi katika eneo zima uliepukwa.

Mafanikio hayo yasimpumbaze mtu. Kuvuta meli katika bahari kuu ni kazi inayotegemea mfululizo wa vifaa, na mfululizo huo hauwezi kuwa na nguvu kuliko kifaa chake kilicho hafifu zaidi. Ushahidi bora wa ukweli huu haukutoka vitani. Ulitoka Alaska, nchini Marekani, ambako mtambo wa thamani kubwa ulitupwa ufuoni kufuatia hitilafu ya kipande kimoja cha chuma.

Mtambo huo, Kulluk, ulikuwa wa kuchimba mafuta baharini na ulimilikiwa na kampuni ya Shell. Haukuwa na injini za kujiendesha, hivyo haungeweza kwenda popote bila kuvutwa. Mnamo Desemba 21, 2012, uliondoka Dutch Harbor ukielekea eneo la Seattle, ukivutwa na tagi moja tu, Aiviq, iliyokuwa imejengwa mwaka huo huo.

Yeyote aliyeitazama Aiviq angesema kazi imepata mwenyewe. Ilikuwa meli mpya, yenye urefu wa karibu mita 110 na winchi ya kisasa. Hata hivyo, kati yake na Kulluk palikuwa na shakeli, yaani pingu ya chuma yenye umbo la upinde inayofungwa kwa pini, iliyoorodheshwa kuwa na uwezo wa kuhimili tani 120. Shakeli hiyo ndiyo iliyounganisha waya wa tagi na bamba la pembetatu lililoshika minyororo ya mtambo.

Mnamo Desemba 27, katika bahari iliyochafuka, shakeli hiyo iliachia. Aiviq ilifaulu kuushika tena mtambo kwa kamba ya dharura, lakini saa chache baadaye injini zake zote nne zilizimika. Meli nyingine zilipofika kusaidia, kamba zilikatika tena na tena.

Desemba 29, helikopta za Walinzi wa Pwani wa Marekani ziliwaondoa watu 18 waliokuwa ndani ya Kulluk. Usiku wa Desemba 31, wahudumu wa tagi ya mwisho iliyokuwa bado imeushika waliamriwa kuuachilia ili kuyanusuru maisha yao. Mtambo ukapanda mwamba katika kisiwa cha Sitkalidak, karibu na Kodiak. Ingawa uliopolewa Januari 6, 2013, haukuchimba tena kisima chochote na hatimaye uliuzwa kama chuma chakavu.

Uchunguzi uliofuata una mafunzo mazito. Shakeli yenyewe ilizama na haikupatikana, kwa hivyo haikuwezekana kuthibitisha iwapo ilivunjika au pini yake ilichomoka. Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba chanzo cha ajali kilikuwa tathmini duni ya hatari, iliyozaa mpango wa kuvuta usiotosheleza. Ripoti ya Walinzi wa Pwani ya 2014 nayo ilitaja hofu ya kutozwa kodi na jimbo la Alaska, endapo mtambo ungekuwa humo Januari 1, kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia uamuzi wa kuondoka.

Kwa maneno mengine, kosa lilianza mezani, siku kadhaa kabla ya chuma kushindwa baharini. Kifaa kilichaguliwa na tarehe ikapangwa kana kwamba Ghuba ya Alaska ingekuwa na huruma katikati ya majira ya baridi.

Kosa la kwanza linalofanywa katika uteuzi wa vifaa ni kupima uzito wa chombo kinachovutwa na kusahau mawimbi. Katika maji tulivu, nguvu inayohitajika kuisogeza meli kubwa polepole si ya kutisha. Bahari inapochafuka, vyombo viwili hupanda na kushuka kwa nyakati tofauti, na waya hulegea kisha hukazwa kwa ghafla. Mshtuko huo waweza kuwa mara kadhaa ya mvuto wa kawaida, na ndio unaovunja vifaa.

Ni kwa sababu hiyo mabaharia wenye uzoefu hutumia waya mzito na mrefu, wenye mamia ya mita. Uzito wake huufanya ujipinde kuelekea chini ya maji, na mpindo huo ndio unaomeza mshtuko kabla haujafika kwenye shakeli. Wengine huongeza kipande cha kamba ya nailoni, ambayo hunyumbuka. Dawa hii ina masharti yake: waya mrefu ukiburutwa katika maji ya kina kifupi husagwa na mwamba. Mahali pa matumbawe kama Pwani ya Afrika Mashariki, nahodha hana budi kuufupisha waya anapokaribia nchi kavu na kupunguza mwendo.

Kosa la pili ni kuchanganya vipimo. Kila shakeli iliyoidhinishwa huchongwa kiwango cha mzigo wa kazi, ambacho ni sehemu tu ya nguvu inayoweza kuivunja. Waya, kwa upande mwingine, mara nyingi hutajwa kwa nguvu ya kukatika. Anayelinganisha tarakimu hizo mbili bila kujua tofauti yake hulinganisha usiku na mchana.

Desturi njema ni viungio na nguzo za kufungia viwe imara kuliko waya mkuu, ili ikilazimu kitu kikatike, kikatike kile kilichotarajiwa na chenye kibadala. Pini nayo haina budi kufungwa kwa nati na kipini cha usalama, maana mtikisiko wa siku tano hufungua kile ambacho mkono wa mwanadamu ulidhani umekikaza.

Kosa la tatu, na pengine baya kuliko yote, ni kutotunza kumbukumbu. Chuma kilichowahi kukazwa kupita kiasi hakina alama usoni. Bila cheti cha kiwanda na daftari la matumizi, hakuna ajuaye kama shakeli iliyo ghalani ni mpya au ni mzee aliyepakwa rangi.

Mambo haya yanaihusu Kenya moja kwa moja. Mnamo Februari 2012, meli ya watalii Costa Allegra ilipoteza umeme baada ya moto kuzuka katika chumba cha mitambo karibu na Ushelisheli, ikiwa na zaidi ya watu 1,000. Chombo kilichoivuta hadi Mahé hakikuwa tagi maalumu bali meli ya Ufaransa ya kuvua jodari, Trevignon. Mnamo Juni 2025 meli ya makontena Wan Hai 503 iliwaka moto nje ya pwani ya Kerala, India, wakati wa pepo za kusi, na helikopta ya jeshi la majini ikalazimika kuwashusha waokoaji juu yake ili wafunge waya wa kuivuta.

Visa hivyo viwili vinathibitisha kwamba katika Bahari ya Hindi msaada hutoka kwa yeyote aliye karibu. Sheria za kimataifa zinalitambua jambo hilo. Meli kubwa za mafuta hutakiwa kubeba vifaa maalumu vya kuvutwa wakati wa dharura, na tangu 2012 meli za mizigo, zikiwemo kuukuu, hutakiwa kuwa na mwongozo wake wa kuvutwa. Lakini mwongozo ulio kabatini hauvuti meli.

Lango la Kilindini ni moja. Meli ikikwama humo, watakaoathirika si wafanyabiashara wa Mombasa pekee bali pia wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Isitoshe, tagi ya bandarini, ambayo hutumia kamba fupi katika maji tulivu, haiwi tagi ya bahari kuu kwa kupewa amri tu.

Mkataba wa kimataifa kuhusu uondoaji wa mabaki ya meli, ulioanza kutekelezwa 2015, unaitwa kwa jina la Nairobi kwa kuwa ndiko ulikopitishwa mwaka 2007. Ingekuwa kinaya iwapo taifa lililoupa mkataba huo jina lingesubiri meli igeuke mabaki ndipo litafute waya.

Halmashauri ya Bandari (KPA), Mamlaka ya Masuala ya Bahari (KMA) na Huduma ya Walinzi wa Pwani iliyozinduliwa 2018 zinafaa kuueleza umma ni vifaa gani vya kuvuta meli vilivyopo Mombasa na Lamu, vilikaguliwa lini, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema "hapana" tagi inapotaka kuondoka na vifaa visivyofaa. Mkaguzi huyo asiwe mtu ambaye mshahara wake unategemea meli kuondoka kwa wakati.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya shakeli iliyoidhinishwa ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kusafisha mafuta katika mikoko ya Lamu, na mvuvi atakayepoteza riziki kwa miaka hatafarijiwa na ripoti ya uchunguzi.