Bahari iko mbali: familia za Butembo na Beni zitembelee wapi?

Wakati wa vakansi, watoto wengi huku kwetu wanaona kwenye simu michezo ya maji ya Mombasa, kisha wanauliza: « Papa, na siye tutaenda lini? » Ulizo hilo linachekesha, lakini jibu lake ni zito.

Mombasa iko zaidi ya kilomita 1,500. Ni bandari ambako bidhaa nyingi za maduka ya Butembo zinashukia, kisha zinapita Uganda na Kasindi. Bidhaa zinafika kwetu. Familia ya watu sita haifiki kule. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kwa mzazi anayehesabu tiketi za basi, makaratasi na malazi, mpaka ungali mpaka.

Maji makubwa ya karibu ni ziwa Edouard, kule Kyavinyonge. Huko shida si franka peke yake. Anayetoka Beni anafuata barabara ya Kasindi, ambayo imeshambuliwa mara nyingi, na utawala wa kijeshi uliowekwa Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021 haujamaliza mauaji. Mbele ya kupanga chakula na saa ya kutoka, mzazi anauliza: barabara imeamkaje?

Basi familia zinabakia mjini. Na mjini, kila parsele ya wazi ikiuzwa na kujengwa, watoto wanabaki kucheza barabarani, katikati ya pikipiki. Hapo ndipo wakuu wa miji yetu wanaweza kusaidia leo: kulinda kiwanja kimoja kila mtaa hakungoji amani ya Kivu nzima.