Mtoto wa Malengelenge ni Wetu Sote

Mwananchi mwenzangu wa Butere, umewahi kumwona mtoto mchanga mwenye malengelenge mwili mzima, na mama yake akasema hakuungua? Mwamini mama huyo.

Upo ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao uitwao epidamolisisi bulosa. Protini zinazoshikanisha tabaka za ngozi zina hitilafu, basi hata msuguano wa nepi huzusha lengelenge. Watoto hawa huitwa vipepeo kwa wepesi wa ngozi yao. Wengine huota vidonda hadi kooni, kumeza uji kukawa mateso.

Hauambukizi. Katika aina fulani baba na mama ni wazima kabisa, ila kila mmoja amebeba jeni yenye kasoro bila kujua, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Nani wa kulaumiwa hapo?

Je, sisi tufanye nini? Ukimbeba mtoto huyu, usimwinue kwa kwapa. Mkono mmoja uwe chini ya makalio, mwingine nyuma ya kichwa, naye akiwa juu ya kitambaa laini. Plasta ya kunata isimguse, maana huondoka na ngozi. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kutoboa lengelenge kwa sindano safi: maji hutoka, ngozi ya juu huachwa ifunike kidonda.

Fundi wa cherehani pale sokoni, unaweza kumshonea fulana yenye mishono kwa nje? Mwalimu, utamkinga asisukumwe kwenye foleni ya uji? Nawe wa bodaboda, mama huyo akipanda, nenda polepole, tafadhali.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, mnaingia nyumba nyingi kuliko daktari yeyote. Mkimkuta mtoto wa namna hii, mfikisheni hospitali ya Butere, apewe rufaa ya Kakamega ikibidi. Wataalamu wa ngozi wapo. Chuo cha Moshi, Tanzania, kinawafunza tangu 1992.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka inayopeleka jeni nzima kidondani, kwa aina moja ya ugonjwa huu. Bei yake haifikiwi na mkulima wa miwa. Kwa sasa dawa kubwa ni mikono yetu.

Kubadilisha bandeji kwaweza kuchukua saa nzima na zaidi, mtoto akilia, na ndugu zake wakisubiri chakula. Kama nyumba hiyo iko jirani nawe, pita leo jioni. Mchotee mama maji, uwapikie wale wengine.