Wanafunzi Waruhusiwe Kutazama



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nipate kusema neno juu ya vyumba vya kompyuta katika shule za upande wetu wa West Nile. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii, na kazi yangu sasa ni kutengeneza kompyuta na mitandao yake, Arua mjini na huko Koboko. Siandiki ili kujisifu. Mtakavyoona wenyewe, katika habari hii sina sifa kubwa.

Muhula uliopita niliitwa na shule moja ya Koboko, ambayo sitaitaja jina. Mwalimu alinipigia simu akasema, "Fundi, intaneti imekufa, na watu wa kampuni hawataki kusema kweli." Nikapanda gari alfajiri, na kwa kuwa siku hizi njia ya Arua hadi Koboko ni lami, saa tatu nilikuwa nimekwisha fika. Nikakuta chumba kizuri chenye kompyuta 20, zote zikitumia Ubuntu, ambao ni mmoja katika ukoo mkubwa wa mifumo iliyofuata mwendo wa Unix. (Jina lenyewe ni la Afrika Kusini, ndugu wa neno letu "utu", na Mark Shuttleworth aliyeuanzisha mfumo huo mwaka 2004 ni mtu wa huko huko.) Baadhi ya kompyuta zilikuwa zikipata intaneti na nyingine hazipati. Mwalimu aliniapia kwamba zilizokuwa nzima jana leo zimegoma, na zilizogoma jana leo ni nzima.

Nikakaa mbele ya moja iliyogoma, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika ping na anwani ya lango. Lango ni kile kisanduku ambacho kompyuta zote za chumbani hupitia ili kutoka nje. Amri ya ping hupeleka kijibarua kidogo kwenye anwani unayoitaja na kungoja jibu. Aliyeitunga ni Mmarekani, Mike Muuss, mwaka 1983, akaipa jina la mlio wa chombo cha nyambizi kinachopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi. Basi lango likajibu mara moja. Nikajaribu anwani ya mbali, 8.8.8.8, kimya. Nikakata shauri hapo hapo: nyumbani ni kuzima, nje ndiko kubovu, kosa ni la kampuni. Hata hivyo nilizima vyombo vyote nikaviwasha upya, kompyuta karibu zote zikapata intaneti, nikapokea fedha yangu, nikanywa chai, nikarudi Arua.

Kesho yake simu ikalia tena.

Safari ya pili nilifanya lile lililonipasa tangu mwanzo. Nilichukua kompyuta mbili zilizo jirani, moja nzima na moja iliyogoma, nikaandika katika kila moja amri ya ip route, ambayo huonyesha njia kompyuta inayoijua ya kutokea nje. Ile nzima ikasema lango lake ni 192.168.0.1. Iliyogoma ikasema lango lake ni 192.168.1.1. Malango mawili katika nyumba moja!

Nieleze jinsi inavyokuwa. Kompyuta inapowashwa hupiga ukelele chumbani, "Nani atanipa anwani?" Anayetangulia kuitika ndiye anayesadikiwa, nayo huchukua anwani aliyopewa na lango aliloambiwa. Katika shule ile walikuwa wakiitika wawili. Wa kwanza ni kisanduku cha kampuni. Wa pili ni kisanduku kidogo cha wifi, ambacho mwalimu mmoja alikinunua kwa fedha yake na kwa moyo mwema ili walimu wenzake wapate intaneti ofisini mwao, akachomeka waya katika tundu lisilo lake. Kisanduku hicho kiligawa anwani kwa ukarimu mkubwa na kujitangaza kuwa lango, na nyuma yake hapakuwa na njia yoyote. Ndiyo maana ping yangu ya siku ya kwanza ilijibiwa. Nilibisha hodi, nikaitikiwa, nikadhani nimefika, kumbe nyumba siyo.

Na kila umeme ulipokatika bahati nasibu ilianza upya. Gridi ya taifa imetufikia West Nile mwaka 2024, nasi tunashukuru, lakini hakuna mtu wa Koboko atakayeniambia kwamba umeme haukatiki tena. Ukirudi, kompyuta 20 hupiga ukelele kwa pamoja, na aliyewahi ndiye aliyewahi.

Dawa yenyewe haikuchukua dakika kumi. Nilikizuia kisanduku kile kisigawe anwani tena, nikahamisha waya, basi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa nakusanya vyombo vyangu, kijana mmoja wa Senior Six alisimama mlangoni, hakuingia ndani, akasema, "Mzee, naomba utazame hii," akaninyoshea daftari. Katika ukurasa mmoja alikuwa ameorodhesha kompyuta zote 20, na mbele ya kila moja ameandika nambari ya lango lake, na mbele ya nambari ameandika "ndiyo" au "hapana". Kila penye 1.1 palikuwa na "hapana". Tarehe ya ukurasa ule ilitangulia safari yangu ya kwanza kwa siku kumi. Hakujua maana yake, lakini ugonjwa alikuwa amekwisha uona, na mimi fundi wa mshahara nilipita karibu naye sikuuona.

Nikamwuliza mbona hakumwonyesha mwalimu. Akajibu kwamba alikutwa na dirisha jeusi limefunguliwa, akaambiwa kuwa ndiye anayeiharibu intaneti ya shule, akafukuzwa katika chumba cha kompyuta. Ndiyo sababu alisimama mlangoni.

Wasomaji wapenzi, sikusudii kuwakejeli walimu. Hofu yao naijua. Kompyuta ni ghali, mafundi tuko mbali, na vijana hupenda kubonyeza. Lakini nasema hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipo pake. Unix ilipoanza katika maabara za Bell huko Marekani, mwaka 1969, haikukawia kuwa mfumo wa watu wengi wanaotumia mashine moja, na kwa hiyo waliyagawa mamlaka: yuko mwenye ufunguo wote, na wako watumiaji wa kawaida. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kubadili mpango wa mashine, ila anaruhusiwa kuutazama. Amri ya ip addr humwonyesha anwani ya kompyuta yake. Ip route humwonyesha lango. Ping humwambia nani anaitika. Tracepath humwonyesha kijibarua kimepita vituo gani hadi kilipokwama. Resolvectl status humwambia ni nani anayeulizwa majina ya mahali yageuzwe kuwa nambari. Hata moja ya hizo haidai neno la siri, na mtoto anaweza kuziandika kutwa nzima asivunje kitu. Amri za kubadili ndizo zinazodai neno la siri, na neno hilo likae kwa mwalimu. Katika hilo mimi na walimu hatuna ugomvi.

Katika sisi wana wa West Nile, nani asiyejua kuziba pancha ya baiskeli? Hatununui mpira mpya kila upepo unapotoka. Tunaujaza upepo, tunauzamisha katika beseni la maji sehemu baada ya sehemu, tunangoja mapovu. Baba zetu hawakutukataza kutazama mapovu kwa kuogopa tutaiharibu baiskeli. Lakini mtandao ukisimama, kazi yetu imekuwa ni kuzima na kuwasha, kuitukana kampuni, na kumwita mtu kutoka Arua.

Wala kampuni haina kosa kila mara, wala haikosi kosa kila mara. Ndiyo maana yafaa kutazama. Mwezi Mei mwaka 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota katika Afrika Mashariki yote. Mwezi Januari mwaka 2021, siku za uchaguzi, intaneti ya Uganda nzima ilifungwa kwa amri. Na muhula uliopita katika shule moja ya Koboko waya ulichomekwa vibaya. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kioo akingoja ukurasa ufunguke, mambo hayo matatu yana sura moja. Kwa mtu anayejua kuuliza hatua kwa hatua, kutoka mashine yake hadi langoni, na kutoka langoni hadi nje, kwanza kwa nambari na kisha kwa jina, hayafanani hata kidogo. Na kutokana na aibu yangu mwenyewe naongeza hatua moja: lango likiitika, hakikisha kwanza kwamba ni lango lenyewe.

Ningependa kila shule itundike daftari karibu na mlango wa chumba cha kompyuta, na ndani yake ziandikwe nambari za siku njema: lango ni lipi, anwani zinaanzia wapi, kisanduku gani kiko wapi na nani amekichomeka. Siku ya ubaya mtu atakuwa na cha kulinganisha nacho. Wanafunzi wawili wapewe zamu kwa juma, waandike walichokiona. Hapana gharama ila kalamu. Ajabu ni kwamba yule kijana alikuwa amekwisha lianzisha daftari hilo bila kuagizwa na mtu.

Najua baadhi ya walimu wa Arua na Koboko wanalisoma gazeti hili, na baadhi yao tulikaa dawati moja. Kama wanaona nimekosea, waniandikie katika toleo lijalo, nami nitajibu.

Hadi ninapoandika haya, kijana yule bado yuko nje ya chumba kile. Nimemwandikia mkuu wa shule barua mbili, na katika ya pili nimetia nakala ya ukurasa wa daftari pamoja na tarehe yake. Kijana anasoma somo la kompyuta, na mtihani wake wa vitendo ni mwaka huu huu.

Mwanafunzi wa zamani,
Arua