Tamko la Walimu wa Sayansi wa Ufipa Kuhusu Bajeti na Safari za Binadamu Angani

Sisi, walimu wa sayansi, hisabati na jiografia wa shule za sekondari za Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, tukiwa katika mkutano mkuu wa chama chetu mjini Sumbawanga, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa Serikali na kwa Bunge.

1. Kituo cha Anga cha Kimataifa, ambacho hakijakosa wakazi tangu Novemba 2000, kimepangiwa kustaafishwa mwaka 2030 na kisha kuangushwa baharini. Waamuzi ni serikali zinazokigharamia, Marekani ikiwa mbele. Tanzania haikuulizwa, na kwa kuwa haikuchangia, haina pa kulalamikia.

2. Jambo hili si la mbali kama linavyodhaniwa. Katika chumba cha Wajapani kituoni humo, kiitwacho Kibo, ndimo zilimotolewa angani setilaiti ya kwanza ya Kenya mwaka 2018, ya Rwanda mwaka 2019 na ya Uganda Desemba 2022. Ni vyombo vidogo vinavyobebeka mkononi. Majirani watatu wamepita mlango mmoja, nao mlango huo unakaribia kufungwa. Mei 2023 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alieleza nia ya Tanzania kuwa na setilaiti yake. Chama kinaipokea kauli hiyo kwa heshima, na kinaitafuta katika vitabu vya bajeti.

3. Nchi hii iliwahi kuwa karibu zaidi. Kuanzia mwaka 1960 Wamarekani walijenga Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wao wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyosikiliza sauti yake na kupokea vipimo vya mwili wake. Aprili 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kiliondolewa kwa amri ya Serikali. Chama hakiuhukumu uamuzi huo, ambao ulikuwa haki ya nchi. Kinachosikitisha ni kwamba mitambo ilipoondoka ujuzi nao uliondoka, kwa sababu tangu mwanzo ulikuwa mali ya aliyelipa.

4. Ufipa inaijua hasara ya namna hiyo. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, ambazo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma cha bei rahisi kilipoingia kutoka ng'ambo, kazi ile ilikosa mteja na mafundi wakakosa warithi. Leo tunawapeleka wanafunzi kutazama magofu.

5. Tunafahamu hoja kwamba zahanati na madawati vitangulie. Ni hoja ya haki, na sisi ndio tunaofundisha watoto wanaobanana madawatini. Lakini mkulima wa mahindi wa Nkasi anayesubiri utabiri wa mvua, na mvuvi wa Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji, ambalo hupanuka na kunywea, wote wawili wanahudumiwa na macho yaliyo angani. Macho hayo ni ya wengine.

6. Tumezoea pia mzaha kwamba watu wa Sumbawanga hawahitaji roketi, wana ungo. Chama hakikasiriki. Kinakumbusha tu kwamba jina la mji huu, kwa Kifipa, linamtaka mgeni autupe uchawi wake.

7. Kwa hiyo chama hakiombi Mtanzania arushwe angani kesho. Kinataka azimio la nchi za Umoja wa Afrika la mwaka 2006 huko Khartoum, la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, litekelezwe kwa ratiba inayotajwa bungeni. Kinataka sayansi ya anga ipewe fungu lake lenye jina, lisilosubiri mfadhili. Tena kinataka maabara za sekondari za Rukwa zihesabiwe kuwa sehemu ya fungu hilo, maana mhandisi wa setilaiti huanzia kwenye betri na waya wa kidato cha pili.

8. Chama hakitakubali kuambiwa kwamba mambo ya anga si ya watoto wa mikoa ya pembezoni.

9. Tamko hili litakabidhiwa kwa Mkuu wa Mkoa na kwa wabunge wa Rukwa kabla ya mkutano ujao wa bajeti. Bajeti ikishapitishwa, chama kitakutana tena Sumbawanga, kusoma fungu kwa fungu.